Kitambulisho cha Marehemu Kathuri

Celina Kiende alijua hatapiga kura pale Mwalimu Kaimenyi alipokigeuza kitambulisho chake upande wa pili, akakitazama kwa nyuma kana kwamba huko kungekuwa na jina lingine, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama Koome, hili jina halimo."

"Mwalimu, wewe si unanijua?"

"Nakujua. Nilimfundisha mtoto wako. Lakini kwa mradi, mwanachama ni Josphat Kathuri. Wewe ni Celina Kiende. Hiyo ndiyo shida."

Hapo palikuwa nje ya ofisi ya mradi wa maji wa Ruguta, huku Mitunguu, wiki moja kabla ya uchaguzi wa kamati. Wanachama walikuwa wamepanga foleni wakaguliwe majina. Nyuma ya Celina alisimama Veronicah, mjane mwenzake, kitambulisho kikiwa tayari mkononi. Aliposikia hayo alikirudisha kifuani polepole, akatoka kwenye foleni bila kungoja kuambiwa.

"Kwani sheria ilisemaje?" Celina akauliza, ingawa alijua.

Mwalimu Kaimenyi, aliyekuwa katibu wa mradi tangu astaafu, alivua miwani. Hakuwa mtu wa kejeli, na hata siku hiyo sauti yake haikuwa ya kejeli. "Sheria uliileta wewe, Mama Koome. Mimi nailinda tu."

Ni kweli aliileta yeye. Katika uchaguzi uliotangulia, wakati huo wakipiga kura kwa kuitwa jina tu, Celina alikuwa ameketi kwenye nyasi za uwanja wa shule pamoja na wanawake wa mstari wa chini wa maji. Kathuri, mumewe, alikuwa amezikwa miezi michache tu kabla. Msomaji wa majina alipofika kwenye "Josphat Kathuri", Celina aliinua mkono ili aseme kwamba mwenye jina amefariki. Kabla mkono haujafika juu, sauti ya mwanamume ikaitika kutoka nyuma ya umati: "Niko!"

Sauti ile ilimwingia kama maji baridi. Kwa kitambo kidogo, na hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu, alidhani kweli ni yeye. Aligeuka amtafute. Aliona mgongo wa mtu aliyevaa kofia iliyoshushwa hadi masikioni, akipokea karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Celina alipiga kelele, akaishiwa nguvu, wanawake wakampepea kwa leso wakidhani ni mshtuko wa msiba. Alipoweza kusema, mwenye kofia alikuwa ameshapotelea migombani.

Kwa hiyo kwenye mkutano uliofuata alisimama, yeye ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu isipokuwa kanisani, akadai kwamba mtu asipewe karatasi ya kura bila kitambulisho cha serikali chenye jina na namba zilizo kwenye rejista. Alipigiwa makofi. Hata wazee walimpongeza. Kilichowatoroka wote, yeye akiwemo, ni kwamba mashamba mengi ya mstari wa chini yaliandikishwa kwa majina ya wanaume, na wengi wa wanaume hao sasa wamelala chini ya mashamba hayohayo.

Kubadilisha jina kulihitaji cheti cha kifo, na cheti kilihitaji safari za kwenda na kurudi, kisha kesi ya urithi kortini. Kathuri alifia nyumbani kwa kifua. Naibu wa chifu aliandika kibali cha mazishi, mwili ukazikwa, na mambo yakaishia hapo. Hata kitambulisho cha marehemu hakikurudishwa serikalini. Kilibaki ndani ya bahasha kubwa ya hospitali pamoja na picha ya mapafu yake, juu ya kabati.

Kura yenyewe haikuwa jambo dogo. Maji ya Ruguta hutoka juu kwa paipu kubwa na kugawanyika mistari miwili. Mwenyekiti, Mzee Mbae, alikuwa na mpango wa kuuongezea mstari wa juu paipu nyingine kwa ajili ya mashamba makubwa yaliyonunuliwa na watu wa mbali. Watu wa chini walikuwa tayari wanapata maji ya kulowesha vumbi tu. Migomba ya Celina ilikuwa inazaa mikungu myembamba ambayo mabroka waliitazama na kupita. Pilipili hoho za Koome, mwanawe aliyeacha kazi ya duka huko Majimbo, Embu, ili arudi kulima, zilikuwa zimeanza kukunja majani. Aliyegombea kiti chake kwa niaba ya watu wa chini alikuwa Mithika, ambaye shamba lake lilipakana na la Celina. Kila mtu alisema safari hii kura zitakaribiana sana.

Siku moja kabla ya uchaguzi, Mithika alimkuta Celina akikata majani makavu ya migomba. Aliegemea nguzo ya mpaka, akazungumza habari za jua, akazungumza habari za ng'ombe wake, kisha akashusha sauti.

"Mama Koome, kile kitambulisho cha baba ya Koome bado kiko?"

Panga la Celina lilisimama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Unajua Mwalimu ameleta makarani kutoka Nkubu. Hawajui mtu hapa. Wanaangalia jina, wanaangalia namba, wanaangalia uso. Basi." Akacheka kidogo, bila furaha. "Na Koome na babake ni kama shilingi kwa ya pili."

"Mithika, unanitaka nifanye yale niliyofanyiwa?"

"Wewe ulifanyiwa na mwizi. Hii ni kura yenu. Shamba ni lenu, maji ni yenu. Utakuwa umemwibia nani?"

Celina aliinua panga tena. Baada ya Mithika kwenda, aliendelea kukata hata majani mabichi bila kujijua. Swali lile lilimkaa kifuani. Kweli, angekuwa amemwibia nani? Alipoinua macho alimwona Koome amesimama kwenye kitalu cha pilipili, mpira wa maji mkononi, tone halitoki, akimtazama. Alikuwa amesikia.

"Mama, Mithika anasema ukweli," Koome akasema.

"Nyamaza."

"Kadi ni ya baba. Sisi si ni watu wa baba?"

"Nimesema nyamaza. Kuna askari kesho pale. Unataka kufungwa kwa ajili ya hoho?"

Koome aliurusha mpira chini. "Hizi hoho ndizo niko nazo tu," akasema, akaondoka.

Siku hiyo Celina aliitazama bahasha juu ya kabati mara nyingi. Alifikiria kuichoma. Aliogopa kuichoma, maana ndimo ilimokuwa picha ya mwisho ya kitu chochote cha Kathuri, hata kama ni mapafu tu.

Uwanja wa shule ulijaa mapema asubuhi. Kamba ya katani ilikuwa imefungwa kuzunguka meza za makarani, na wasio kwenye rejista walisimama nje yake. Wajane wa mstari wa chini walikusanyika upande mmoja chini ya ukuta wa darasa, wamevaa nguo za kanisa kana kwamba wangepiga kura. Baadhi walikuwa wamebeba barua za chifu. Wengine walikuja na kadi za ubatizo. Mmoja alikuja na risiti zote alizolipia maji tangu mumewe afe. Kila mmoja aliyefika mezani alirudishwa kwa heshima.

"Kulipa nalipa mimi," yule wa risiti alilalamika. "Wakati wa kulipa hawaniulizi jina."

Celina hakujaribu tena. Alikuja kwa sababu kukaa nyumbani kulimshinda. Alipoamka alfajiri Koome hakuwepo. Alijiambia ameenda kufungulia maji mapema. Alijiambia hivyo njia nzima. Hakuwa amepanda kiti kuangalia juu ya kabati, na sasa alitamani angekuwa ameangalia.

Alimwona foleni ilipojikunja karibu na mlingoti wa bendera. Alikuwa amevaa koti la Kathuri, lile la rangi ya udongo lenye kiwiko kilichotiwa kiraka, na amenyoa ndevu. Alikuwa anatazama mbele tu, shingo imekakamaa. Mbele yake walikuwa watu wachache.

"Veronicah," Celina akanong'ona. "Ona."

Veronicah aliona, akaushika mkono wake kwa nguvu. "Mwache. Usitazame. Ukitazama watajua."

Celina alitazama chini. Aliona viatu vyake vya Jumapili na vumbi juu yake. Alihesabu kwa moyo watu waliobaki, akakosea, akaanza upya. Kando ya meza walisimama askari wawili wakila ndizi mbivu. Alifikiri: karani akisoma mwaka wa kuzaliwa, mtoto wangu amekwisha. Kisha akafikiri jambo lililomwogopesha zaidi: karani asiposoma, je? Kathuri atakuwa amepiga kura mara mbili akiwa kaburini, na mara hii ameamshwa na nyumba yake mwenyewe.

"Josphat Kathuri," karani akasoma kwa sauti, kitambulisho mkononi. Alikuwa msichana mdogo, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alitazama picha, akatazama uso. Picha ile ilipigwa Kathuri akiwa na umri wa Koome. Msichana akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono kwenye lundo la karatasi za kura.

"Niko," akasema Koome, kwa sauti ndogo.

Celina hakumbuki alivyopita kamba. Waliokuwepo wanasema aliinama chini yake kama msichana. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa ameshika mkono wa koti lile, na kitambaa kilikuwa na harufu ya kabati.

"Mwanangu, toka hapo."

"Mama, rudi nyuma ya kamba," karani akasema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa huyo uliyemwita."

Karani alimtazama Koome, akamtazama yeye. "Huyu ndiye mume wako?"

"Huyu nilimzaa. Mwenye hiyo kadi tulimzika."

Uwanja mzima ulilipuka. Watu wa mstari wa juu walipiga mbinja. "Wezi ni wa chini!" mmoja akapaza sauti. "Si mlisema ni sisi?" Askari walikuwa tayari wamemshika Koome kwapani. Hakupigana. Alimtazama mamake mara moja tu, na jicho lile Celina hakuliweza, akageuka.

Mwalimu Kaimenyi alikuja mbio, karatasi zikimwanguka. "Mama Koome, nini hii?"

Celina aliona kwamba asiposema sasa hatasema tena. "Mwalimu, mimi ndiye nilisema kila mtu aje na kitambulisho. Bado nasema hivyo. Lakini ona leo. Kadi imemkubali mtu aliyekufa, na mimi nimesimama mbele yenu, mnanijua wote, imenikataa. Sasa hii sheria inamlinda nani?"

Baadhi ya watu walinguruma kukubali. Mwalimu alingoja kelele zishuke.

"Nikikuruhusu wewe kwa sababu nakujua," akasema, "karani wa kesho ataruhusu wake kwa sababu anawajua. Mtu wa kofia yule aliyepiga kura ya Kathuri, kuna mtu alimjua, au alijifanya kumjua. Ndiyo maana niliita wageni kutoka Nkubu."

"Basi tafuteni njia!" Veronicah akapaza sauti kutoka ukutani. "Sisi si wezi!"

Mzee mmoja wa mstari wa juu, mtu asiyependa watu wa chini hata kidogo, aliinua fimbo. Akasema kwamba zamani shamba likigombaniwa waliitwa majirani wa mpakani, na jirani wa mpakani hadanganyi kirahisi maana kesho mtaamka mkitazamana. "Mjane na aje na majirani wawili waseme huyu ndiye mwenye shamba. Mbele ya watu."

"Majirani hununuliwa," mwingine akajibu.

"Na kadi je? Si umeiona?"

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mithika, ambaye neno lake moja lingewasha uwanja, alisimama kati ya watu wake akitazama vidole vya miguu. Mwishowe Mwalimu alisema katiba ya mradi haibadilishwi siku ya kura. Linalosemwa liletwe kwa mkutano wa wanachama. Kura ziliendelea. Wajane walikaa ukutani mpaka masanduku yalipofungwa, wala hakuna aliyeondoka, kwa maana kuondoka kungekuwa kama kukubali.

Mithika alishindwa. Kura zilizomwangusha zilikuwa chache kuliko wale wanawake waliokuwa wamekaa ukutani.

Jioni Mwalimu Kaimenyi alienda mwenyewe kituoni, akakaa na chifu na mkuu wa kituo, na Koome akaachiliwa kwa onyo kali. Kitambulisho cha Kathuri kilibaki huko. Mama na mwana walirudi nyumbani, Koome akitangulia. Kesho yake Koome alikunja nguo zake.

"Unaenda wapi?"

"Embu. Duka litanichukua tena."

"Na pilipili?"

"Wazimwagilie wale uliowapa maji."

Zilifuata siku mbaya. Watu wa chini hawakumtukana, walimkwepa tu. Kisimani mazungumzo yalikatika alipofika. Mke wa Mithika aliacha kumsalimu. Mara mbili alikuta mpira wake umekatwa kwa kisu, mahali pamoja. Alizima taa mapema na kusikiliza kila mlio wa mbwa. Aliomba Mungu amwambie kama alikosea. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa uadui. Ilikuwa ni kwamba hata yeye hakuwa na hakika. Kama angetazama viatu vyake kidogo tu zaidi, Mithika angekuwa na kura moja zaidi, na pengine mwingine angethubutu, na mwingine.

Kabla ya mvua za vuli, Mwalimu aliitisha mkutano maalumu. Wapo waliosema aliona aibu, wengine wakasema aliogopa kesi. Mjadala ulichukua siku nzima. Sheria ya kitambulisho ilibaki. Lakini waliongeza kwamba mjane au mtoto anayelima shamba la marehemu aandikwe kwa jina lake na namba yake mwenyewe, bila kungoja korti, akileta cheti cha kifo na sahihi za majirani wawili wa mpakani. Siku ya kura atakuja na kitambulisho chake kama kila mtu.

Celina alifuata cheti cha kifo hadi akakipata. Jirani wa upande wa mto alitia sahihi siku hiyohiyo. Jirani wa pili alikuwa Mithika.

Alizunguka boma la Mithika siku kadhaa kabla ya kuingia. Alipoingia, Mithika alikuwa anakamua ng'ombe, na hakuinuka.

"Karibu," akasema, kama mtu anayemwambia mwingine ondoka.

Celina alimwambia kilichomleta. Maziwa yaliendelea kupiga ndoo.

"Ulininyima kiti, Mama Koome."

"Sikukunyima. Nilikataa mtoto wangu awe mwizi."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Askari waliniuliza," Celina akasema. "Siku ile, na kesho yake. Waliniuliza nani alimfundisha Koome. Koome naye walimwuliza."

Mithika aliacha kukamua. Ng'ombe aligeuza kichwa kuona kuna nini.

"Ulisemaje?"

"Nilisema sijui. Hiyo ndiyo dhambi niliyoifanya, na niliifanya kwa ajili yako. Sitaifanya mara ya pili."

Mithika alirudia kukamua mpaka Celina akadhani amekataa, naye akaanza kukunja karatasi. Kisha Mithika akajifuta mikono kwenye suruali, akaichukua, akaiweka juu ya goti na kuandika jina lake lote kwa herufi kubwa, akibonyeza sana. Alimrudishia bila kumtazama.

"Nitaambia wale vijana waache mpira wako," akasema.

Njiani mvua ya kwanza ilianza kudondoka. Celina aliificha karatasi ndani ya nguo, akaishikilia kwa mkono mpaka nyumbani, akihofia wino utayeyuka. Alimpigia Koome simu. Ililia muda mrefu kabla ya kupokewa.

"Mithika ametia sahihi," akasema.

Nyuma ya Koome alisikia watu wakipatana bei dukani.

"Nao akina Veronicah?" Koome akauliza.

"Veronicah shemeji zake wamekataa. Wanasema shamba ni lao. Cheti chenyewe wamekificha."

"Kwa hiyo yeye hatapiga kura?"

"Sijui. Kesho tunaenda naye kwa chifu."

Koome alivuta pumzi. Celina alingoja amwambie atarudi lini, au hatarudi, na hakumwuliza, kwa kuogopa kwamba angejibu.

"Nendeni mapema," Koome akasema hatimaye. "Chifu akishakunywa chai hapatikani."